Ripoti ya MRI Haikunipa Jina la Ugonjwa

Sentensi iliyonisumbua zaidi katika ripoti ya kipimo changu cha MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, haikuwa ile iliyosema kwamba ubongo wangu una madoa. Ilikuwa ya mwisho, iliyotaja mambo matatu yanayoweza kuyaleta madoa hayo, yaani kudhoofika kwa mishipa midogo ya damu, kipandauso, na ugonjwa unaoharibu utando wa neva, kisha ikamshauri daktari aliyeomba kipimo ayalinganishe matokeo na hali ya mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni mimi, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, na nilikuwa nimesafiri hadi Dar es Salaam, nimesubiri kibali cha bima na kulala ndani ya mashine ile nikiamini kwamba nitatoka na jina la ugonjwa. Nilitoka na majina matatu, na hakuna lililopigiwa mstari.

Mambo yalianzia miguuni. Vidole vya mguu wa kushoto viliingia ganzi, na kwa muda wa siku chache ganzi ile ikapanda hadi kiunoni, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia, ikifuatana na hali ya kubanwa kuzunguka kitovu. Nilitambua uzito wa jambo lenyewe bafuni: nilipojimwagia maji ya moto, bega lilihisi joto lake, lakini mguu ulihisi tu kwamba umelowa. Nilikuwa natembea, nafundisha, napanda ngazi kwa kushika ukuta. Kwa kuwa sikuanguka wala mdomo haukupinda, watu wa nyumbani walisema si kiharusi, na wote tukaona kwamba jambo linaweza kusubiri hadi mwisho wa wiki.

Katika hospitali ya kwanza nilipimwa sukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI, kaswende na wingi wa damu, kisha nikafanyiwa kipimo cha CT cha kichwa. Sukari ilikuwa sawa, shinikizo lilikuwa juu kidogo, na CT ilikuwa safi. Mama yangu mzazi alimshukuru Mungu kwa sauti pale pale kwenye benchi. Wakati huo sikujua kwamba CT, ambayo hutumia mionzi ya eksirei, ni kipimo kizuri sana cha kuonyesha damu iliyovuja, mfupa uliovunjika au uvimbe mkubwa, lakini madoa madogo katika sehemu nyeupe ya ubongo huyapita bila kuyaona, na uti wa mgongo wenyewe hauonyeshi vizuri. CT safi ilikuwa jibu la kweli kwa swali ambalo dalili zangu hazikuwa zimeliuliza.

MRI ilifuata baada ya ganzi kukataa kuondoka. Nitaieleza kwa ufupi kwa sababu wengi huiogopa bila sababu. Unavua kila kitu chenye chuma: hereni, pini za nywele, mkanda, sidiria yenye waya. Unaulizwa kama una kifaa cha moyo au kipande cha chuma mwilini, na swali hilo si la kujibu kwa haraka, kwa sababu mashine yenyewe ni sumaku kubwa, na nyingi zilizopo hospitalini zina nguvu ya Tesla 1.5 au 3. Unawekewa vizibo masikioni, kichwa kinafunikwa kwa kifaa chenye kioo kidogo kinachokuwezesha kuona miguu yako, na mkononi unapewa mpira wa kubonyeza ukihitaji msaada. Kisha makelele yanaanza, ya kugonga, ya kuvuma na ya kukwaruza, kila mkondo na sauti yake, nawe unatakiwa usitikisike. Hakuna maumivu. Nilipochomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, kwenye mshipa wa mkono nilihisi ubaridi ukipanda hadi kwenye kiwiko, basi.

Picha nilizipewa zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi kubwa za filamu pamoja na diski. Nyumbani tulizifungua sebuleni, shemeji yangu akazishika dirishani zipate mwanga, na familia nzima ikasimama kuhesabu alama nyeupe. Mwingine alihesabu nne, mwingine kumi na mbili, kwa kuwa kila kitu katika picha hizo kinaonekana cheupe kwa asiyejua: mafuta nyuma ya macho, ngozi ya kichwa, mishipa ya damu. Mama hakuhesabu. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hayo madoa yanafutika?" Hakuna aliyemjibu.

Mjomba wangu alishauri twende Matombo kwa mtu anayemfahamu, kwa kuwa ganzi inayopanda kutoka ardhini, kwa maelezo yake, mtu huwa ameikanyaga. Sikumkatalia kwa maneno makali, maana ni mtu mzima na alikuja kwa upendo. Baadaye nilimweleza daktari jambo hilo bila kuficha, naye alisema kwamba sala na dua hazigombani na kazi yake, ila dawa yoyote ya kunywa, iwe ya miti shamba au ya dukani, anataka kuijua kwa jina au aione, kwa sababu ini na shinikizo la damu havichagui dawa ilikotoka.

Daktari ninayemtaja hapa ni bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na nilimpata baada ya kungoja, kwa sababu mabingwa wa fani hiyo Tanzania ni wachache na karibu wote wako katika miji mikubwa. Nilipokaa nilimkabidhi bahasha ya picha. Aliiweka pembeni bila kuifungua. Alianza kuuliza: ganzi ilianza siku gani, ilichukua muda gani kufika kilele, ilikaa kwa muda gani, iliacha nini. Je, niliwahi kupoteza kuona kwa jicho moja, hata miaka mingi iliyopita? Niliwahi kuona vitu viwili viwili? Mkojo unatoka bila shida? Kisha alinigonga magoti kwa nyundo yake ndogo, akanichokoza kwa kipini kuanzia unyayo kupanda juu akiniambia niseme hisia inapobadilika, akaweka uma wa chuma unaotetema kwenye kifundo cha mguu, akanisimamisha miguu pamoja nikiwa nimefumba macho, akanitembeza kisigino kikigusa kidole. Nilipofumba macho niliyumba. Ilipofika zamu ya kipini, hisia ilibadilika kwenye mstari uliokuwa karibu na kitovu, mbele na nyuma.

"Mwalimu," alisema, "mpaka huu tumboni unaniambia nitazame uti wa mgongo, na wewe umeniletea picha za kichwa."

Hapo ndipo alipofungua bahasha na kuomba nakala ya fomu iliyotumika kuomba kipimo. Fomu ilikuwa na neno moja katika nafasi ya maelezo ya mgonjwa: ganzi. Haikusema ganzi ya wapi, iliyoanza lini, iliyopanda hadi wapi, wala kwamba nina kipandauso tangu ujana na shinikizo lililopanda. Mtaalamu wa radiolojia aliyesoma picha hakunigusa wala hakuniona. Alipewa neno moja na mamia ya vipande vya picha, na kwa neno lile aliandika alichoweza kusimama nacho. Nikaielewa ile sentensi ya mwisho ya ripoti. Yule mtaalamu hakuwa anakwepa kazi. Alikuwa anarudisha swali kwa mtu mwenye mgonjwa mbele yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia ndugu na walimu wenzangu wanaotumwa kupiga picha ya ubongo kwamba waisome fomu kabla ya kuondoka na kuomba kwa adabu iandikwe kikamilifu. Daktari mwenye haraka hachukii kukumbushwa, na nusu dakika ya kalamu inaweza kubadilisha sehemu ya mwili itakayopigwa picha. Wachukue pia diski, wasiridhike na karatasi ya ripoti. Ripoti ni maoni ya mtu mmoja siku moja. Diski ndiyo picha zenyewe, na daktari wa pili akitaka kulinganisha baada ya mwaka atahitaji hizo. Wangu alipozitazama kwenye kompyuta alikubaliana na ripoti kuhusu kuwapo kwa madoa, lakini mawili kati ya yaliyotajwa aliyaona kuwa nafasi za kawaida zinazozunguka mishipa ya damu. Tofauti ya namna hiyo kati ya wasomaji wawili ni ya kawaida, na si dalili ya uzembe wa mmojawapo.

Kuhusu weupe wenyewe alinieleza hivi. Mashine hupima jinsi viini vya haidrojeni, ambavyo vimejaa katika maji na mafuta ya mwili, vinavyoitikia mawimbi ya redio ndani ya sumaku. Waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi iliyowezesha mambo hayo yawe picha ni Paul Lauterbur na Peter Mansfield. Kuna namna nyingi za kupanga kipimo, na mojawapo, iitwayo FLAIR, huyazima maji ya kawaida yanayozunguka ubongo yaonekane meusi ili sehemu za ubongo zilizoumia, ambazo mara nyingi hubeba maji kuliko kawaida, zing'ae. Kwa hiyo weupe unasema kwamba tishu hapa imebadilika. Haumtaji aliyeibadilisha. "Ni kama kovu kwenye mguu wa mtoto," alisema. "Najua palikuwa na jeraha, lakini sijui kama ni panga, moto au jipu, na pengine mama yake mwenyewe hakumbuki."

Madoa ya namna hiyo hupatikana kwa watu wengi wasio na malalamiko yoyote, na huongezeka kadiri umri na shinikizo la damu vinavyopanda. Wenye kipandauso huyapata pia kuliko wasio nacho. Aliniambia habari ya utafiti uliofanyika Rotterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2007, ambapo watu 2,000 wa kawaida, wenye wastani wa umri wa miaka 63, walipigwa MRI ya ubongo. Asilimia 7.2 walikutwa na alama za kiharusi ambacho hawakuwahi kukihisi, na asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliotuna bila wao kujua. Takwimu hizo zilinituliza kwa namna ambayo maneno ya pole hayakuweza, kwa sababu zilinionyesha kwamba picha ya ubongo huokota mambo mengi yaliyokuwa yakiishi nasi kimya, na kwamba si kila kinachookotwa ndicho kilichomleta mtu hospitalini.

Hata hivyo hakunipa ruhusa ya kupuuza. Alichokitazama ni mahali madoa yalipo na umbo lake. Madoa madogo ya duara yaliyotawanyika ndani kabisa ya sehemu nyeupe huelekea zaidi kwenye mishipa ya damu au kipandauso. Madoa ya umbo la yai yaliyogusa kingo za vyumba vya maji vya ubongo, au yaliyo kwenye daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo, au kwenye shina la ubongo, au kwenye uti wa mgongo, humfanya mtu afikirie multipo sklerosisi, ugonjwa ambao wengi huuita MS kwa kifupi. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva na kuharakisha mawasiliano yake. Jean-Martin Charcot aliueleza huko Paris mwaka 1868 kwa kulinganisha dalili za wagonjwa wake na makovu aliyoyaona katika ubongo wao baada ya kufa. Mimi nilikuwa na madoa kadhaa ya aina ya kwanza, na moja, moja tu, lililogusa ukingo wa chumba cha maji.

Kwa doa hilo moja ndipo nilipoingia katika dunia ya vigezo. Vigezo vya kuutambua ugonjwa wa MS hubeba jina la daktari Ian McDonald na vilitolewa mwaka 2001, vikarekebishwa mwaka 2005, 2010, 2017 na tena 2024. Msingi wake ulibebwa kwa muda mrefu na mambo mawili: uharibifu uwe umetokea katika sehemu zaidi ya moja za ubongo na uti wa mgongo, na uwe umetokea kwa nyakati zaidi ya moja, au kuwe na ushahidi unaoweza kusimama badala ya wakati. Dawa ya gadolini husaidia hapa, kwa sababu doa jipya lenye uvimbe hunyonya dawa na kung'aa, huku la zamani likikaa kimya; zikionekana aina zote mbili katika picha moja, wakati umejithibitisha wenyewe. Langu halikunyonya dawa. Marekebisho ya 2017 yaliruhusu protini fulani katika maji ya uti wa mgongo zitumike badala ya kungoja shambulio la pili, na ya 2024 yakaongeza neva ya jicho kati ya sehemu zinazohesabiwa. Nilipoona kwamba wataalamu wenyewe wamekaa mara nyingi kiasi hicho kurekebisha mlango wa kuingilia, niliacha kumwona daktari wangu kuwa mtu anayesitasita.

Kama mwalimu wa jiografia nilikuwa na hoja yangu, na niliitoa kwa kujiamini: ugonjwa huo huonekana zaidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, kaskazini mwa Ulaya na Kanada, na sisi tuko nyuzi chache tu kusini mwake. Alicheka. Akasema ni kweli, lakini uchache wa ugonjwa katika nchi haumlindi mtu mmoja aliyekaa mbele yake, na pia mahali penye mashine chache na mabingwa wachache ugonjwa unaweza kuonekana mchache kuliko ulivyo. Akaongeza kwamba jiografia ina kazi nyingine anayoithamini zaidi. Akaniuliza nimewahi kuishi wapi.

Niliwahi kufundisha mkoani Manyara, na kabla ya hapo nilisoma Mwanza. Manyara ilimpeleka Mbulu, ambako tegu wa nguruwe anajulikana kuwa miongoni mwa vyanzo vya kifafa, kwa kuwa mayai yake yakimwingia mtu kwa chakula au maji machafu, mabuu huweza kujenga vifuko ndani ya ubongo. Vifuko hivyo vina sura yake katika picha, na vikizeeka huwa chokaa inayoonekana vizuri kwenye CT, hivyo ile CT safi ilipata kazi ya pili iliyokuwa na maana. Mwanza ilimpeleka kwenye kichocho, ambacho wengi tunakijua kwa mkojo wa damu na tumbo, lakini mayai yake yanaweza pia kukwama katika uti wa mgongo na kuleta ganzi na udhaifu wa miguu. Nilipimwa hicho, nikapimwa vitamini B12, ambayo ikipungua huharibu sehemu ile ile ya uti wa mgongo inayobeba hisia za mtetemo, na nikapimwa kingamwili dhidi ya protini ya akwaporini-4. Kingamwili hiyo iliripotiwa mwaka 2004, na huutofautisha ugonjwa mwingine unaofanana na MS, unaoshambulia zaidi neva za macho na uti wa mgongo, ujulikanao kwa kifupi kama NMO.

Jambo la NMO ndilo lililonifanya niache kudai dawa. Nilikuwa nimesoma habari za dawa za MS na kuhesabu gharama, na nilikuwa nimefika mahali pa kusema nianzishiwe tu, bora kinga kuliko tiba. Akanieleza kwamba baadhi ya dawa zinazowasaidia wenye MS, kama interferoni beta, zinaweza kumzidishia hali mwenye NMO, na kwamba dawa nyingi za kundi hilo hupunguza kinga ya mwili, jambo ambalo katika nchi yenye kifua kikuu na homa ya ini B halifanywi kwa kubahatisha. Kuniacha bila jina ulikuwa uamuzi wa kitabibu wenye sababu zake. Ningependa madaktari walieleze hilo kwa wagonjwa waziwazi, maana mgonjwa asiyeelezwa hudhani ametupwa.

Maji ya uti wa mgongo ndiyo yaliyozua ugomvi nyumbani. Katika mtaa wetu kila mtu anamjua mtu aliyechomwa mgongoni akapooza. Daktari alichora kwenye karatasi: uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, penye maji na mizizi ya neva inayoelea. Wengi wanaopooza walikuwa tayari na ugonjwa mzito, kama homa ya uti wa mgongo, uliosababisha wachomwe. Nilikubali. Sindano iliuma kidogo kuliko hofu yake. Kilichoniuma ni kichwa katika siku zilizofuata, maumivu ya ajabu yaliyonipiga kila nikisimama na kutulia kila nikilala, na ambayo yalikwisha kwa mapumziko na maji ya kunywa. Waambiwe na wengine hilo mapema.

Majibu yalikuja kwa vipande, mengine kutoka nje ya nchi. B12 ilikuwa sawa. Kichocho hakikuonekana. Kingamwili ya akwaporini-4 haikuwapo. Protini zile katika maji ya uti wa mgongo, ambazo hupatikana kwa wagonjwa wengi wa MS ingawa si wote, hazikuonekana. MRI ya uti wa mgongo, iliyofanyika wakati ganzi imeshaanza kupungua kwa sababu kibali cha bima kilichelewa, haikuonyesha doa la wazi. Niliuliza kama maana yake ni kwamba hapakuwa na kitu. Alisema maana yake ni kwamba siku ile hapakuonekana kitu. Doa dogo linaweza kufifia, hasa wiki kadhaa baada ya dalili kufika kilele, na miguu yangu ilikuwa imeshatoa ushahidi wake kwa kipini na uma. Kwa hiyo pale ambapo dalili zilielekeza, picha haikuwa na kitu, na pale ambapo dalili hazikuelekeza, picha ilikuwa na madoa. Sijui njia nzuri zaidi ya kueleza kwa nini sikupewa jina.

Kipimo kilichobaki kilikuwa muda. Nilirudiwa MRI ya kichwa baadaye, kwenye mashine ile ile na kwa mpangilio ule ule wa picha, kwa sababu ukibadilisha mashine unaweza kuona tofauti ambazo ni za mashine. Picha za zamani na mpya ziliwekwa bega kwa bega kwenye skrini, kipande kwa kipande. Hakuna doa lililoongezeka. Lile la ukingoni lilikuwa pale pale, na ukubwa ule ule. Nilipofika nyumbani nilimjibu mama swali lake: mengine hupungua, mengine hubaki maisha yote bila kufanya lolote, na yangu hadi sasa yamebaki. Alitikisa kichwa, akasema basi yakae na adabu.

Kwenye faili langu, mahali pa jina la ugonjwa, pameandikwa kwamba nilipata shambulio moja linaloelekea kuwa la kuvimba kwa uti wa mgongo, chanzo hakijathibitika, nifuatiliwe. Mfumo wetu haupendi maneno hayo. Fomu ya bima inataka jina lenye namba. Mkuu wa shule, mtu mwema, alipopokea karatasi yangu ya ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, aliuliza kwa upole nina nini hasa, na mwalimu mwenzangu alinisogelea mapumzikoni akaniambia kwamba madaktari wananificha. Nimejifunza kujibu kwa kile kinachojulikana: nilipata ganzi ya miguu, imepungua sana, magonjwa kadhaa mabaya yametafutwa na hayakupatikana, na naendelea kuangaliwa. Wanaotaka zaidi ya hapo wanataka kitu ambacho hata daktari hana.

Yanayoweza kutibiwa yanatibiwa. Natumia dawa ya shinikizo kila siku, kwa kuwa kati ya mambo yote matatu yaliyotajwa kwenye ripoti, mishipa midogo ya damu ndiyo tunayoweza kuilinda kwa uhakika. Kipandauso kina dawa yake. Nina orodha ya mambo ambayo sitakiwi kusubiri nayo hata usiku mmoja: mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka ghafla, jicho moja kupoteza kuona, mkojo kuziba, degedege. Na nina daftari la kuandikia tarehe, mahali mwilini na muda, kwa sababu shambulio jipya, kwa kipimo cha madaktari, ni dalili inayodumu angalau saa 24 bila homa kuwa chanzo.

Daftari hilo lina kazi zaidi miezi ya joto. Nikitembea kutoka kituo cha daladala hadi shuleni jua likiwa kali, ganzi hurudi kwenye unyayo wa kushoto, na mara ya kwanza iliponitokea nilidhani yote yameanza upya. Daktari alinieleza kwamba joto hupunguza kasi ya mawasiliano katika neva iliyowahi kuumia, jambo ambalo Wilhelm Uhthoff alilieleza Ujerumani mwaka 1890 kwa wagonjwa waliopungukiwa uwezo wa kuona baada ya mazoezi, na kwamba dalili hiyo hupita mwili ukipoa. Wiki iliyopita ilinishika saa sita mchana, ikaniachia jioni baada ya kuoga maji ya baridi. Niliandika, na sikumpigia simu.